Ukurasa uliofunguka kwa mwandishi wake tu: uchambuzi wa kisa cha mafaili ya HTML

Mwalimu mmoja wa baiolojia aliandika kurasa tatu za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kuhusu mmeng'enyo wa chakula katika tumbo la ng'ombe, akazijaribu katika kompyuta yake mwenyewe, akaridhika nazo, kisha akawatumia wanafunzi wake anwani. Hakuna hata mmoja aliyefanikiwa kuzifungua. Alipozihamishia kwenye seva ya kukodi, yaani kompyuta inayowapa kurasa wanaoziomba mtandaoni, mambo yalibadilika bila kutengemaa: wanafunzi walipata orodha ya mafaili badala ya ukurasa wa kwanza, picha tatu kati ya nne hazikuonekana, na baadhi ya maneno yalijaa alama zisizosomeka. Nilipoombwa kuangalia, mwalimu alikuwa amekwisha kuandika upya kurasa zote mara mbili, akiamini kwamba kuna tagi aliyoikosea, yaani moja ya zile alama za mabano ya pembe zinazoupanga ukurasa. Tagi alizoziandika hazikuwa na tatizo kubwa. Karibu kila kilichowazuia wasomaji wake kilihusu mafaili yenyewe: yaliitwaje, yaliwekwa wapi, na herufi zake zilihifadhiwa kwa mpango gani.

Nakieleza kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu kila kosa lililomo ni la kawaida mno likichukuliwa peke yake, lakini yalipokutana mahali pamoja yalifichana. Kila lililorekebishwa liliacha dalili ya jingine ikiwa palepale, na mwalimu akahitimisha, si bila sababu, kwamba marekebisho yake hayasaidii kitu.

Anwani isiyotoka nje ya kompyuta

Anwani aliyowatumia wanafunzi mwanzoni ilikuwa `file:///C:/Users/mwalimu/Documents/somo/Mwanzo.html`. Aliinakili kutoka kwenye upau wa anwani wa kivinjari chake, ukurasa ukiwa wazi mbele yake, na kwa macho yake haikuwa na tofauti na anwani nyingine yoyote. Tofauti iko katika neno la kwanza, lile linalotangulia nuktambili. Neno `file` hukiagiza kivinjari kisome faili kutoka kwenye diski ya kompyuta ileile kinamofanyia kazi. Mikwaju miwili inayofuata hutangulia jina la kompyuta inayotafutwa. Hapa jina hilo limeachwa tupu, na mkwaju wa tatu ndio unaoanzisha njia ya kulifikia faili. Kwa hiyo mwanafunzi anapoibandika anwani hiyo, kivinjari chake hutafuta folda ya `mwalimu` ndani ya diski ya mwanafunzi, ambamo folda hiyo haimo. Faili halikuwahi kwenda popote.

Anwani inayoanza na `https` inafanya kazi nyingine kabisa. Kivinjari hutuma ombi kwa seva, na seva hujibu kwa vitu viwili: vichwa vya maelezo, na baada yake maudhui yenyewe. Miongoni mwa vichwa hivyo kuna kimoja kinachoitwa `Content-Type`, ambacho hutaja aina ya kilichotumwa, kwa mfano `text/html` kwa ukurasa, `image/jpeg` kwa picha, au `text/plain` kwa maandishi matupu. Faili lililolala kwenye diski halina kichwa cha namna hiyo. Kivinjari hukisia aina yake kwa kutazama kiendelezi cha jina lake, yaani herufi zinazofuata nukta ya mwisho, na pengine kwa kuchungulia maudhui yake. Ningemwomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa inaning'inia hapo.

Kulikuwa pia na dhana iliyojificha chini ya makosa yote. Mwalimu amezoea programu ya kuandikia nyaraka, ambamo picha ikishabandikwa inakuwa sehemu ya waraka: ukiuhamisha waraka, picha inakwenda nao. Faili la HTML halifanyi hivyo. Ni maandishi matupu kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na tagi ya picha ndani yake ni maelekezo tu ya mahali picha inapopatikana. Ukurasa wenye picha nne na faili moja la mitindo, lile linaloeleza mwonekano wake, ni mafaili sita yaliyo mbalimbali, na kivinjari hutuma ombi moja kwa kila moja. Yeye aliona kitu kimoja kwenye skrini, akadhani anacho kitu kimoja mkononi.

Kuhusu tagi alizozishuku, inatosha kusema machache. Alikuwa amesahau kufunga aya kadhaa kwa `</p>`, na rafiki yake alimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kila kitu. Sivyo. Kanuni za HTML zinaruhusu tagi ya kufungia aya iachwe katika mazingira mengi, na orodha ya kwanza ya tagi aliyoieleza Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, mwaka 1991, yenye elementi 18 tu, iliitumia `P` kama kitenganishi cha aya kisichohitaji kufungwa. Hata pale mwandishi anapokosea kweli, kivinjari hakigomi. Kinajenga ukurasa kwa kufuata taratibu za kurekebisha makosa ambazo kiwango cha HTML kimezieleza hatua kwa hatua. Upole huu una bei yake: kwa kuwa hakuna ujumbe wa kosa unaotokea ukurasani, anayeanza hushuku kila mstari kwa kiwango kilekile. Ndiyo maana mwalimu alitumia siku mbili akifunga aya ambazo hazikuwa na ugonjwa.

Orodha badala ya ukurasa

Baada ya kukodi nafasi kwenye seva, mwalimu alipakia folda yake nzima, na safari hii anwani ilianza na `https` kama inavyotakiwa. Wanafunzi walipoifungua hawakuona ukurasa wa kwanza, bali orodha ya majina ya mafaili yaliyomo. Baadhi yao walibofya jina moja moja na kufika walikokusudia. Wengine waliona ni mtego, wakafunga. Siwalaumu.

Sababu ilikuwa jina la `Mwanzo.html`. Anayeandika anwani ya tovuti kwa kawaida hataji faili. Anataja folda tu, yaani anwani inayoishia kwenye mkwaju. Seva ndiyo inayoamua impe nini, na kwa desturi iliyoenea karibu kila mahali hutafuta ndani ya folda hiyo faili linaloitwa `index.html`. Isipolipata hubaki na njia mbili kulingana na ilivyopangwa: kuonyesha orodha ya yaliyomo, kama ilivyotokea hapa, au kukataa kwa kosa namba 403. Jina `Mwanzo.html` lina maana kwa msomaji wa Kiswahili lakini seva hailijui. Msimamizi wa seva anaweza kuagiza jina lolote lichukuliwe kuwa la mwanzo, ila kwa kurasa tatu kubadili jina la faili ni rahisi kuliko kubadili mipangilio.

Hapa niliongeza tatizo badala ya kulipunguza. Nilimwambia kwa simu, "Mwalimu, ukurasa wa kwanza uite index.html," nikadhani nimemaliza. Naye hakulibadili jina la faili la zamani, kwa kuogopa kulipoteza. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya, akatengeneza faili jipya la maandishi, akabandika humo kila kilichokuwa katika `Mwanzo.html`, akaliita `index.html`, akalipakia. Orodha iliendelea kuonekana, sasa ikiwa na jina moja zaidi, na aliyebofya jina hilo jipya aliona tagi zote zikiwa wazi kama zilivyoandikwa, mabano ya pembe na kila kitu, bila kichwa cha habari wala aya.

Faili hilo halikuitwa `index.html`. Liliitwa `index.html.txt`. Windows, kwa mpangilio wake wa awali, huficha viendelezi vya mafaili inayoyatambua, hivyo faili jipya la maandishi hubeba `.txt` ambayo mtumiaji haioni, na anapoandika `index.html` katika nafasi ya jina, `.txt` hubaki imejishikiza mwishoni. Seva haina upofu huo. Iliona kiendelezi `.txt`, ikatuma maudhui kwa kichwa cha `text/plain`, na kivinjari kikatii: kimeambiwa ni maandishi matupu, kikayaonyesha kama maandishi matupu. Ni dalili inayotambulika mara moja kwa aliyewahi kuiona. Ukurasa unapoonyesha tagi zake zote badala ya matokeo yake, usianze kuzikagua tagi. Tazama kwanza jina kamili la faili na aina iliyotajwa na seva.

Dawa ilikuwa kuwasha uonyeshaji wa viendelezi katika dirisha la mafaili, jambo ambalo ningemshauri kila anayeanza alifanye kabla ya kuandika tagi yake ya kwanza, kisha kuondoa `.txt`. Windows ilimtahadharisha kwamba kubadili kiendelezi kunaweza kuliharibu faili, na akanipigia simu tena kwa wasiwasi. Kiendelezi ni sehemu ya jina. Kukibadili hakugusi hata baiti moja, yaani chembe moja ya data, ya maudhui. Aliuliza papo hapo kama basi ni lazima kiwe `.html` au kama `.htm` ya kitabu chake cha zamani ni kitu kingine. Ni kitu kilekile. Ufupisho ule ulizoeleka kwa sababu MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, iliruhusu viendelezi vya herufi zisizozidi tatu, na seva hadi leo huzipa namna zote mbili aina ya `text/html`. Linalotakiwa ni kwamba kiungo kitaje jina lilelile ambalo faili linalo, kwa kuwa kwa seva `maswali.htm` na `maswali.html` ni majina ya vitu viwili.

Picha tatu, sababu tatu

Sehemu iliyomchosha mwalimu zaidi ilikuwa picha. Ukurasa wa `sehemu.html` ulikuwa na picha nne, moja kwa kila sehemu ya tumbo la ng'ombe. Kwenye kompyuta yake zote nne zilionekana. Kwenye seva ilionekana ya kwanza tu, na nafasi za nyingine tatu zilibaki na kile kielelezo kidogo cha picha iliyovunjika. Kwa kuwa dalili ilikuwa moja, alitafuta sababu moja, na kila alichokijaribu kilishindwa angalau kwa picha mbili.

Badala ya kuendelea kukisia tulifungua zana za wasanidi ambazo vivinjari vya kompyuta huja nazo, kwa kawaida kwa kubonyeza F12, tukaenda kwenye sehemu inayoorodhesha maombi ya mtandao, tukaupakia ukurasa upya. Huko kila ombi lina mstari wake na namba ya jibu: 200 humaanisha kimepatikana na kimetumwa, 404 humaanisha seva imetafuta jina lililotajwa na haikulikuta. Picha ya kwanza ilikuwa na 200. Ya pili na ya nne zilikuwa na 404. Ya tatu haikuwa imepata jibu lolote kutoka kwa seva, na hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba hatukuwa na ugonjwa mmoja.

Tagi ya picha ya pili ilisema `<img src="picha/tumbo2.jpg">`. Tulipolitazama faili, liliitwa `Tumbo2.JPG`. Kamera nyingi huandika kiendelezi kwa herufi kubwa, na herufi ya kwanza aliiweka mwenyewe kwa mazoea ya sarufi nzuri. Windows huhifadhi jina kama lilivyoandikwa lakini, linapotafutwa, kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kompyuta za Mac pia kwa mpangilio wa kawaida hufanya hivyo. Seva yake iliendeshwa kwa Linux, mfumo mwingine wa uendeshaji, na huko `Tumbo2.JPG` na `tumbo2.jpg` yanaweza kukaa katika folda moja kama mafaili mawili yasiyohusiana. Kinachowapotosha wanaoanza ni kwamba HTML yenyewe haijali: `<IMG>` na `<img>` ni tagi moja, na hata jina la kikoa katika anwani linaweza kuandikwa kwa herufi zozote. Mtu akishazoea uhuru huo mahali pawili, ni vigumu kukisia kwamba njia ya faili, iliyokaa katikati ya hivyo viwili, haina uhuru huo.

Marekebisho yake yalizaa usumbufu mdogo. Alilibadili jina kuwa la herufi ndogo na kulipakia upya, na picha ikaonekana, lakini lile la zamani lilibaki kwenye seva kando ya jipya, kwa kuwa kwa Linux hakuna kilichobadilishwa bali kuna kilichoongezwa. Halikuleta madhara. Hata hivyo tuliyafuta mabaki hayo, maana folda yenye majina mawili yanayofanana kwa masikio na kutofautiana kwa macho ni chanzo cha kosa la wiki ijayo.

Picha ya tatu ilikuwa na hadithi nyingine. Mwalimu hakujua njia ya kuitaja, hivyo aliiburuta picha ndani ya kivinjari, akanakili anwani iliyotokea juu, akaibandika katika tagi. Matokeo yakawa `src="file:///C:/Users/mwalimu/Pictures/tumbo3.jpg"`. Ni kosa lilelile la anwani ya kwanza, ila safari hii limeingia ndani ya ukurasa. Alinibishia hapa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: yeye mwenyewe, akiwa kwenye kompyuta ileile yenye picha hiyo, alipoufungua ukurasa kupitia seva hakuiona, ilhali faili lipo palepale njia inaposema lipo. Jibu ni kwamba vivinjari vya sasa huuzuia ukurasa uliotoka mtandaoni kufungua mafaili ya diski ya msomaji, kwa ajili ya usalama. Kama tovuti yoyote ingeweza kuyaomba mafaili ya kila aliyeitembelea, hakuna ambaye angethubutu kutembelea tovuti. Kivinjari kilikataa ombi hilo kabla halijaondoka, na sababu ya kukataa ilikuwa imeandikwa katika dirisha la ujumbe la zana zilezile.

Ya nne ilitajwa kwa njia fupi na nadhifu: `../vielelezo/tumbo4.jpg`. Nukta mbili mwanzoni humaanisha panda juu folda moja kutoka ulipo. Katika kompyuta yake folda ya `vielelezo` ilikuwa jirani ya folda ya `somo`, kwa hiyo njia ilikuwa sahihi kabisa. Alipopakia, alipakia `somo` peke yake. Sarufi ya njia ilikuwa sawa, ramani ilikuwa sawa, ila nyumba iliachwa nyuma. Tuliihamishia picha hiyo, pamoja na ya tatu, ndani ya `somo/picha`, na tagi zote nne zikaandikwa kwa mtindo mmoja wa njia inayohesabiwa kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Faida ya mtindo huo ni kwamba folda nzima inaweza kuhamishwa kutoka kompyuta hadi seva, au kutoka seva moja hadi nyingine, bila tagi hata moja kuguswa.

Tulipokuwa hapo nilimwomba aongeze sifa ya `alt` katika kila picha, yaani maelezo mafupi yanayosomwa pale picha isipoonekana, yakiwemo mazingira ya msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Kama yangekuwapo tangu mwanzo, wanafunzi wangejua angalau ni picha ipi waliyoikosa.

Ritifaa iliyovunjika

Tatizo la herufi ndilo lililonipendeza zaidi, kama inaruhusiwa kupendezwa na tatizo la mtu mwingine. Katika ukurasa uleule, neno lilelile lilitokea kwa sura mbili. Katika kichwa cha habari lilisomeka ng'ombe, bila kasoro. Katika aya iliyofuata lilisomeka ngâ€™ombe. Mmeng'enyo ulipatwa na yaleyale: mara salama, mara mmengâ€™enyo. Mwalimu alidhani seva haijui Kiswahili.

Kutofautiana huko ndiko kulikotoa jibu. Vichwa vya habari alikuwa ameviandika moja kwa moja katika kihariri cha maandishi, na aya ndefu alikuwa amezinakili kutoka katika programu ya nyaraka. Programu za namna hiyo hupenda kupamba: mtu akibonyeza ritifaa iliyonyooka, yaani ile alama iliyo katikati ya ng'o, zenyewe huweka iliyopinda, ambayo inapendeza zaidi katika chapa. Kwa macho ni alama moja yenye mapambo kidogo, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ile iliyonyooka huhifadhiwa kwa baiti moja, na baiti hiyo ina maana ileile katika karibu kila mpango wa usimbaji, yaani wa kuzigeuza herufi kuwa namba, unaotumika kwenye kurasa za wavuti. Iliyopinda, katika usimbaji wa UTF-8, huhifadhiwa kwa baiti tatu, ambazo kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, inayochanganya tarakimu na herufi, huandikwa E2, 80 na 99. Faili la mwalimu lilihifadhiwa kwa UTF-8, kama vihariri vingi vya leo vinavyofanya vyenyewe, lakini hakuna mahali palipolitaja hilo: si ndani ya ukurasa, wala katika vichwa vilivyotumwa na seva. Kivinjari kilichokosa maelezo kilirudi kwenye mpango wa zamani wa Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja. E2 ikasomwa kama a yenye kofia, 80 kama alama ya yuro, 99 kama alama ya nembo ya biashara. Alama tatu kwa ritifaa moja, bila kupungua wala kuzidi, hesabu inakubali.

Swali la mwalimu lilikuwa kali kuliko nilivyotarajia: mbona kwake zilisomeka vizuri? Kwa sababu vivinjari kadhaa, vinapofungua faili la diskini, hulipitia na kutambua kwamba ni UTF-8, kwani vinalo faili zima mkononi tangu mwanzo. Kwa ukurasa unaotoka kwenye seva mambo ni tofauti kwa makusudi: kiwango cha HTML kinavikatisha tamaa vivinjari visijaribu kuitambua UTF-8 kwa kukisia, ili waandishi wasizoee kuacha kuitaja. Naona uamuzi huo ni wa busara, ingawa mwalimu, aliyeulipia kwa usiku mmoja wa kuandika upya, hakukubaliana nami mara moja.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja, `<meta charset="utf-8">`, uliowekwa mwanzoni kabisa mwa sehemu ya `head`, ile ya maelezo inayotangulia maudhui. Mahali pake si suala la unadhifu. Kiwango kinataka tamko hilo liwe limekamilika ndani ya baiti 1024 za kwanza za faili, kwa kuwa kivinjari kinahitaji kujua usimbaji kabla ya kuanza kusoma kwa uhakika. Anayetanguliza maelezo marefu juu yake anaweza kuliweka nje ya mpaka huo bila kujua. Hatukugusa ritifaa hata moja katika aya. Zote zilijinyoosha, au tuseme zilirudia kupinda kwake, mara ukurasa ulipopakiwa upya.

Alikuwa na bahati katika jambo moja. Programu ya nyaraka hupinda pia alama za mtajo, na kama angenakili kutoka humo mistari yenye tagi, sifa za `src`, zile zinazotaja mahali picha ilipo, zingezungukwa na alama ambazo HTML haizitambui kuwa alama za mtajo. Zingehesabiwa kuwa sehemu ya jina la faili, na seva ingeombwa picha ambayo jina lake linaanza na alama iliyopinda. Hilo lingekuwa sababu ya nne chini ya dalili ileile ya picha iliyovunjika.

Yaliyobaki

Wanafunzi wengi hutumia simu, na kwao maandishi yalionekana madogo kama mchanga. Simu ikikuta ukurasa usiosema lolote kuhusu upana hudhani umeandikwa kwa skrini ya kompyuta, huupanga kwa upana wa takriban pikseli 980, kisha huupunguza wote uenee kwenye kioo. Mstari wa `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">` uliondoa hali hiyo katika kurasa zote tatu.

Kisha ikaja siku ya malalamiko ambayo hayakuwa na kosa nyuma yake. Wanafunzi wawili walisema bado wanaona ukurasa wenye alama za ajabu, wakati wenzao walikuwa wakiusoma vizuri. Kivinjari huweka nakala za yale kilichokwisha kuyapakua ili kisiyaombe kila mara, na wawili hao walikuwa wakitazama nakala ya jana. Kuupakia ukurasa upya kwa lazima, kwa Ctrl na Shift na R katika vivinjari vingi vya kompyuta, kulitosha. Mwalimu alikuwa karibu kuliandika faili upya kwa mara ya tatu.

Kwa ajili ya kurasa zinazofuata nilimwonyesha namna ya kuwasha seva ndogo katika kompyuta yake mwenyewe. Palipo na Python, lugha ya kuandikia programu, amri ya `python3 -m http.server`, au kwenye Windows `py -m http.server`, ikitolewa ndani ya folda ya kazi, huifanya folda hiyo ipatikane kwa `http://localhost:8000`. Hapo kivinjari hakisomi diski tena bali kinatuma maombi, na makosa mengi ya kisa hiki yangejitokeza kabla ya mwanafunzi yeyote kuyaona: kukosekana kwa `index.html`, picha ya `file:///`, folda ya nje isiyofikika, ritifaa zilizovunjika. Lisilojitokeza ni lile la herufi kubwa na ndogo, kwa sababu mafaili bado yanasomwa na Windows isiyotofautisha. Kwa hilo hakuna jaribio la nyumbani alilokuwa nalo, basi alichagua kanuni: kila jina la faili kwa herufi ndogo, bila nafasi kati ya maneno, na kistari pale maneno yanapokuwa mawili.

Ukaguzi wa mwisho tuliufanya kwenye seva halisi, zana za wasanidi zikiwa wazi, ukurasa wa `sehemu.html` ukipakiwa upya kwa lazima. Mistari saba ilitokea. Ukurasa, faili la mitindo na picha nne zilikuwa na 200. Mstari wa saba ulikuwa mwekundu, wenye 404, na jina `favicon.ico`. Mwalimu alisogea karibu na skrini, akauliza hilo nalo kalikosea wapi, kwani hakuna mahali alipoliandika. Hakulikosea. Ni alama ndogo ya tovuti inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari, na kivinjari huiomba chenyewe hata pale ambapo hakuna ukurasa uliowahi kuitaja. Aliitazama 404 ile kwa muda, akasema ataichora siku nyingine.